Uzi: Askari wa barabarani anapokusimamisha kwa haja zake mwenyewe. Watu wa Malindi, tulizungumze

Binti wa Maweni (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Hongo ya barabarani kila mtu aijua. Mimi leo sizungumzii hongo. Nazungumzia askari anayekusimamisha kwa sababu anakutaka, au ana ugomvi na kakako, au mnavutana mpaka wa shamba, au tuktuk yako inachukua abiria wa tuktuk aliyomnunulia shemeji yake. Barabara inakuwa kisingizio tu.

Mdogo wangu wa kike anaendesha tuktuk hapa mjini. Sitaji kizuizi wala kituo, na nawaomba nanyi msitaje jina la mtu humu ndani. Asubuhi moja alisimamishwa akiwa amebeba wamama wawili na ndoo zao za samaki. Ufunguo ulichomolewa kwanza, salamu ikaja baadaye. Leseni ikatazamwa mbele na nyuma, stika ya bima ikatazamwa, vyote sawa. Kisha akaambiwa ataje nambari ya simu "iandikwe kitabuni". Kitabu hakikuwepo. Nambari iliingizwa kwenye simu ya askari mwenyewe, mdogo wangu akiona. Saa tatu usiku ikaingia meseji: "Ulifika salama?" Kesho yake nyingine: "Mbona hujibu, mimi ni yule wa asubuhi."

Hakujibu. Tangu hapo hapiti. Leo indiketa, kesho tairi la nyuma, kesho kutwa abiria kakaa vibaya. Pembeni yake zinapita tuktuk zisizo na taa hata moja. Akimchekea askari, anaachiliwa bila kuandikiwa chochote. Akinuna, anawekwa juani mpaka abiria wanashuka kutafuta chombo kingine, na nauli ishakwenda.

Nauliza: ni mdogo wangu peke yake? Na sheria yasemaje?

Boda wa Sabaki

Si peke yake dada. Sisi wanaume hatutongozwi, lakini kuna mwenzetu wa upande wa Mambrui aliyemdai askari pesa za mbuzi. Tangu adai, pikipiki yake haivuki daraja bila kusimamishwa. Deni hajalipwa, mpaka amechoka amelisamehe.

Mama Vitenge

Mimi niliuza gari kwa sababu kama hiyo. Sisemi zaidi.

Mpenda Haki wa Gede

Pole kwa mdogo wako, na zile meseji si kazi ya serikali, hilo halina mjadala. Lakini nikuulize kwa heshima: tairi lilikuwa limeisha ama halikuisha? Mimi nimemzika ndugu aliyegongwa na gari lisilo na breki kwenye barabara hii ya Mombasa. Sitaki tufike mahali kila anayesimamishwa aseme "huyu ananitafuta", na magari mabovu yapite. Kama kosa lipo, nia ya askari yatuhusu nini?

Binti wa Maweni

Swali zuri kaka, na nakujibu bila kuzunguka. Tairi lilikuwa limeisha kweli. Tumeshalibadilisha. Lakini tazama: kama tairi lile lilikuwa hatari kwa abiria, basi lilikuwa hatari akicheka na lilikuwa hatari akinuna. Siku aliyocheka aliambiwa "haya nenda", kwa tairi lile lile na abiria wamo ndani. Angekuwa anawalinda wale wamama, asingewaachia waendelee na safari.

Na chombo kinachofanya kazi kila siku kwenye mchanga na chumvi ya huku kwetu hakikosi kasoro. Ukitaka kuipata, utaipata. Ndiyo maana kosa kuwa la kweli hakunitoshi. Nataka kujua kwa nini yeye, kati ya wote waliopita, na kwa nini hakuna hata siku moja kosa hilo lilipoandikwa popote.

Mlamu wa Virginia

Nawasoma nikiwa mbali, mimi ni mzaliwa wa Lamu, niko Marekani miaka mingi sasa. Swali la ndugu yangu wa Gede lilifika Mahakama ya Juu ya huku, kesi ya Whren dhidi ya Marekani, mwaka 1996. Askari wa dawa za kulevya mjini Washington, waliovaa nguo za kiraia, walilitilia shaka gari la vijana weusi. Likakata kona bila indiketa, likaondoka kwa kasi, wakapata sababu ya kulisimamisha. Majaji wote 9 walikubaliana: maadamu kosa la barabarani lilikuwepo, nia iliyo moyoni mwa askari haibatilishi kusimamishwa. Mpaka leo hiyo ndiyo sheria ya huku, na watu weusi wamelia nayo miaka yote. Watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walichambua rekodi za karibu mara milioni 100 ambazo magari yalisimamishwa, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Waliona kwamba jua likizama, askari akawa haoni rangi ya dereva vizuri, sehemu ya madereva weusi kati ya wanaosimamishwa inapungua. Huwezi kulijua jambo hilo bila rekodi. Hapo ndipo nataka tufike.

Hapa Virginia ilipitishwa sheria mwaka 2020, ikaanza kazi Machi 2021: askari haruhusiwi kukusimamisha kwa vitu vidogo peke yake, kama kioo cheusi au kitu kinachoning'inia kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Walielewa kwamba makosa madogo madogo ndiyo yanayompa askari mwenye nia yake pa kushika.

Na kuhusu wanawake, nawaomba mlisome hili taratibu. Tarehe 27 Desemba 1986, karibu na San Diego, California, mwanafunzi wa miaka 20 aitwaye Cara Knott aliuawa. Aliyemuua ni askari wa barabara kuu, Craig Peyer, akiwa kazini na sare yake. Baada ya mauaji yale Peyer alitokea kwenye televisheni akiwafundisha wanawake namna ya kujilinda wakiwa peke yao barabarani, uso wake una mikwaruzo. Wanawake waliomwona wakaanza kupiga simu, mmoja baada ya mwingine: huyu alinisimamisha usiku, kwenye njia ile ile ya kutokea barabara kuu, akaniweka pale muda mrefu akizungumza mambo yasiyohusu gari. Mwaka 1988 alihukumiwa kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Kila mmoja wa wale wanawake alikuwa amerudi nyumbani akidhani ni yeye peke yake.

Mama Vitenge

Ya Rabi.

Usukani wa Garsen

Mimi ni dereva wa basi, njia ya Malindi kwenda Lamu. Nataka kusema kwa haki kwamba vizuizi vya njia yetu si vya mchezo. Tangu Mpeketoni iliposhambuliwa Juni 2014, na mashambulizi yaliyofuata, kukaguliwa kule kunaokoa roho za watu. Abiria wote wanashuka, kila mtu kitambulisho mkononi, wanapita kwa mstari, wanapanda tena. Wazee wanachoka, watoto wanalia, lakini watu wameshazoea na wengi hawalalamiki.

Ubaya unaingia palepale penye haki. Kijana wa Kibajuni aliyeshika karatasi ya kungojea kitambulisho anavutwa pembeni, na kinachozungumzwa pembeni hakuna anayekisikia. Msichana anaulizwa kama ameolewa. Hilo linahusiana vipi na usalama wa nchi?

Nitawapa kisa kimoja. Askari alichukua kitambulisho cha msichana mmoja aliyekuwa anarudi chuoni, watu wote wakarudishiwa vyao, yeye akaambiwa angoje. Nikawasha injini, nikaizima. Abiria wakanyamaza. Msichana kasimama chini, askari kakishika kile kitambulisho kwa vidole viwili, anamwambia ampe nambari ya simu kwanza. Bibi mmoja mtu mzima, wa buibui, akateremka polepole huku ameshika mlango, akamwendea askari, akamwambia: "Mwanangu, kadi hiyo ni ya serikali na mwenyewe ndiye huyu. Mpe mjukuu wangu twende, jua latuwia kali." Hakuwa mjukuu wake, walionana ndani ya basi. Wanaume wanne nao wakashuka wakasimama nyuma ya bibi, hawakusema neno. Kitambulisho kikatolewa.

Hakuna aliyetukana, hakuna aliyepiga picha, kwa sababu simu ukiitoa kule unaingia matatani. Lakini basi zima lilikataa kuondoka.

Boda wa Sabaki

Huyo bibi Mungu amuweke.

Mzee wa Barani

Wanangu, nimewasoma tangu juu. Mimi nilivaa ile sare, nikastaafu salama. Sitamtetea mtu anayechukua nambari ya binti kizuizini. Huyo hata sisi wenzake tulikuwa tukimjua, na tulikuwa tukinyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomlea.

Lakini nataka mjue kizuizi kinavyofanya kazi. Unasimama kutwa, pengine hakuna choo wala kivuli. Jioni mkubwa anakuuliza umeleta kesi ngapi. Hakuulizi umesimamisha magari mangapi, wala umeyaachilia mangapi na kwa nini. Kwa hivyo gari ulilolisimamisha ukaliachilia, kwenye makaratasi ya serikali halikusimama kabisa. Humo ndimo uovu wote unamokaa. Anayepelekwa kortini angalau ameandikwa. Anayeachiliwa baada ya nusu saa ya kusumbuliwa hana ushahidi hata kwamba alikuwa pale.

Jambo la pili hamjaligusa, nalo lilinisumbua zaidi. Si askari peke yake anayetumia kizuizi kwa mambo yake. Raia nao wanakitumia. Mtu ana kesi ya shamba na jirani yake, au mume kaachana na mke na mke kabaki na gari, anampigia askari rafiki yake: "Gari nambari fulani yaja huko, mshike kidogo." Askari anapata chakula cha mchana, mwenye gari anakosa kikao cha korti. Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Katika mji mdogo ambao watu wote wanajuana, askari akiachwa kizuizi kimoja muda mrefu anapata marafiki, wadeni na maadui. Anakuwa mwenyeji wa magomvi ya watu. Nilisema wakati ule kwamba watu wahamishwe mapema, hawakunisikiliza.

Mpenda Haki wa Gede

Shikamoo mzee. Hilo la gari lililoachiliwa kutoandikwa popote sikuwahi kulifikiria. Nakubali swali langu lilikuwa la upande mmoja. Sasa tufanyeje? Tukiomba askari waandike kila gari, barabara ya Mombasa itafungana mpaka Kilifi.

Mzee wa Barani

Marahaba. Si lazima aandike kurasa. Nambari ya usajili, saa, mahali, sababu kwa maneno mawili, na jina la askari. Askari akijua kila anayemsimamisha ameandikwa, mkono unakuwa mzito kumsimamisha mtu kwa haja yake. Sharti mkubwa wake akisome kile kitabu, aone kwamba tuktuk moja imesimamishwa mara nyingi na mtu mmoja.

Kalamu ya Korti

Ninafanya kazi na mambo ya sheria, ngoja nichangie, kwa kuwa dada ameuliza.

Katiba ya 2010, Ibara ya 49: ukikamatwa una haki ya kuelezwa mara moja sababu, kwa lugha unayoielewa, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Ibara hiyo hiyo inasema kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, hufai kuwekwa rumande kwa ajili yake. Watu wengi wa tuktuk hawalijui hili, na ndilo tishio wanalotishwa nalo: "Utalala ndani." Ukitoa dhamana ya pesa taslimu kituoni, dai risiti.

Kanuni za Makosa Madogo ya Barabarani za 2016 zina jedwali la faini. Mkanda ni shilingi 500, simu mkononi ukiendesha ni 2,000, kuzidisha kasi kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa ni 500, na jedwali lenyewe halipiti 10,000 kwa kosa. Askari mwenye sare anakuandikia notisi, unakiri ukalipa au unakataa ukaenda kortini. Pesa haziwekwi mkononi mwake. Kwa hivyo kitu cha kuomba, kwa adabu, ni kimoja: "Afande, kama nina kosa naomba uniandikie." Mwenye nia ya barabara ataandika. Mwenye nia nyingine hataki jina lake likae karibu na lako kwenye karatasi.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka afisa mwenye sare awe na jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana. Likisome, ulishike kichwani. Na mjihadhari: Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika mtoaji sawa na mpokeaji, mpaka miaka 10 gerezani. Ukitoa "ya chai" ili usumbufu uishe, unampa yule askari kitu cha kukushikia siku nyingine.

Malalamiko dhidi ya askari yanapelekwa kwa mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, ilioundwa kwa sheria ya 2011. Wana ofisi Mombasa, na simu ya bure 1559. Mambo ya pesa yanapelekwa kwa tume ya maadili, EACC, nayo ina ofisi hapa hapa Malindi.

Boda wa Sabaki

Kalamu, yote umesema vizuri, lakini sema na lile tunaloogopa. Yule bodaboda wa Mavoko alipeleka malalamiko IPOA. Yuko wapi leo?

Kalamu ya Korti

Umeuliza kwa haki na sitalikwepa. Josephat Mwendwa alipigwa risasi mkononi na askari Fredrick Leliman mwaka 2015. Akalalamika IPOA. Baadaye akajikuta ana kesi ya makosa ya barabarani katika korti ya Mavoko. Tarehe 23 Juni 2016, wakitoka kortini kwa kesi hiyo, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa wakauawa, maiti zao zikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Leliman alihukumiwa kifo Februari 2023, na maafisa wengine wawili na raia aliyekuwa akiwapasha habari polisi wakapewa vifungo vya miaka 30, 24 na 20.

Tazameni lakini jinsi kesi ya barabarani ilivyotumika pale. Mtu alilalamika, akatafutiwa makosa ya pikipiki ili apate kunyamaza. Hiki tunachokizungumza hapa, cha indiketa na tairi na meseji za usiku, ni jambo lile lile likiwa bado dogo. Ndiyo maana sitaki mtu aende peke yake. Mlalamikaji mmoja anaweza kutishwa. Wakiwa wengi, na kila mmoja ana tarehe yake na saa yake, ni vigumu kuwatafutia wote makosa ya tairi.

Mama Vitenge

Nimeliacha hili kwa muda mrefu. Nilisema niliuza gari. Ilikuwa gari ndogo, napelekea wateja vitambaa Watamu na Malindi. Na mimi niliombwa nambari "ya kitabuni". Na mimi niliulizwa usiku kama nimefika salama. Mume wangu akaiona ile meseji kabla yangu, nyumba ikawaka moto, kwa sababu angeamini vipi kwamba ni askari tu wa barabarani? Nikaona gari ndiyo imeniletea. Nikaiuza kwa hasara. Sasa vitambaa nabebesha boda na vingine vinalowa mvua.

Meseji sikuzifuta. Ziko kwenye simu ya zamani.

Binti wa Maweni

Dada yangu, pole sana, na ahsante kwa kusema. Usiifute hata moja, na nambari usiiweke hapa. Niandikie pembeni, tulinganishe nambari mbili hizi. Zikiwa ni moja tutajua, zikiwa si moja tutajua vilevile kwamba wako zaidi ya mmoja.

Nasema haya kwa wote wanaosoma. Sitafuti askari aaibishwe mtandaoni. Nataka mdogo wangu afanye kazi. Ana mtoto, tuktuk ina mkopo, anaamka kabla ya adhana ya alfajiri. Barabara ni yake kama ilivyo ya mtu mwingine. Na wale maafisa wanaofanya kazi yao sawasawa, wanaosimama pale juani kama alivyosema mzee, nao wanaharibiwa jina.

Mpenda Haki wa Gede

Nina duka la kuchapa karatasi. Yeyote mwenye meseji, alete simu nimchapie bure, zionekane tarehe na saa.

Usukani wa Garsen

Chama chetu cha madereva nitawaambia waanze daftari, kila basi na lake: mahali, saa, nani kavutwa pembeni na kwa muda gani. Bila maneno ya matusi ndani.

Boda wa Sabaki

Na sisi wa pikipiki tunaruhusiwa kulalamika IPOA hata kama leseni imepitwa na wakati?

Kalamu ya Korti

Unaruhusiwa. Leseni yako na malalamiko yako ni mambo mawili. Lakini katengeneze leseni kwanza, usimpe mtu pa kukushikia.

Binti wa Maweni

Tumekubaliana wanne mpaka sasa, pamoja na mdogo wangu na Mama Vitenge. Tunaandika maelezo wiki hii, kila mtu yake kwa mkono wake, kisha tunasafiri pamoja kwenda Mombasa. Anayetaka kujiunga aniandikie pembeni.

Mzee wa Barani

Nitawasindikiza. Mwenye kujua lugha ya maafisa asikosekane. Kila mtu alete nakala mbili za maelezo yake, mkapokee muhuri kwenye moja mrudi nayo nyumbani, na mhakikishe tarehe ya muhuri inasomeka.